Tezi Niliyoifundisha Bila Kuijua

Nimefundisha biolojia miaka kumi na minne katika shule ya sekondari ya mtaa wa Murara, hapa Goma. Kila mwaka, wanafunzi walipofika kwenye sura ya homoni, niliwachorea ubaoni tezi ya shingo, ile ambayo vitabu vyetu vya Kifaransa vinaiita tiroide. Niliichora kama kipepeo aliyetua juu ya koromeo, bawa la kulia na bawa la kushoto, na nilijivunia sana mchoro huo. Wanafunzi waliunakili, nami nikawapa alama kulingana na uzuri wa mabawa. Hakuna aliyewahi kuniuliza tezi hiyo ikiugua mtu anasikia nini. Angeniuliza, ningemjibu kwamba swali hilo haliko kwenye programu.

Mwaka ninaousimulia, mafua yalipita shuleni kwetu. Darasa zima likakohoa, nami nikakohoa pamoja nalo. Yakaisha kama mafua yanavyoisha, na sikuyafikiria tena. Wiki mbili baadaye, Jumatatu asubuhi, niliamka na maumivu upande wa kulia wa shingo. Yalianzia chini ya koo, yakapanda hadi kwenye taya, yakaingia sikioni. Chai ilipita kooni kama changarawe za lava.

Mke wangu ni mtu wa Butembo, mfanyabiashara wa vitenge, na hapendi shida ikae nyumbani bila kuamuliwa. Aliniona nimeshika taya, akaamua.

"Iyo ni jino, papa. Wende kwa dantiste leo. Usingoje ikukamate kichwa."

Dantiste wa mtaa wetu alikuwa mtu mpole mwenye mikono ya fundi wa magari. Alinigongagonga meno yote kwa kijichuma chake, moja baada ya jingine, akiniuliza kila mara kama linauma. Hakuna lililouma. Jambo hilo halikumsumbua.

"Kuko meno yenye kujificha," alisema.

Akachagua gego la mwisho la chini, upande wa kulia, akaling'oa. Kisha akalipeleka dirishani alitazame kwenye mwanga. Lilikuwa jino jeupe, zima, lenye mizizi yake yote, jino ambalo ningeweza kulionyesha darasani kama mfano wa jino la mtu mwenye afya. Aliligeuza mara mbili tatu.

"Unaona, prof? Kwa inje iko muzuri. Ubaya iko kwa ndani."

Baada ya siku nne maumivu yalihama. Yaliacha upande wa kulia yakahamia upande wa kushoto, yakapanda vilevile kwenye taya na sikio. Nilirudi kwa dantiste kumweleza, na badala ya kuona haya alifurahi.

"Sasa tunaijua. Iko natembea."

Akachukua koleo lake amfuate mkimbizi upande wa pili. Nilimwambia ninataka kwanza kufikiri. Katika mwezi ule wote, hilo ndilo wazo langu moja ambalo silijutii.

Homa ilipoanza, nilikwenda kituo cha afya. Muuguzi mkuu wa pale alinitoboa kidole, akapima malaria, akakuta hakuna. Alikunja uso kidogo, kama mtu aliyenyimwa haki yake, halafu akapima tifoide. Mjini kwetu ni vigumu kupimwa tifoide ukarudi nyumbani bila tifoide. Nadhani hata benchi nililokalia lingepimwa siku ile, lingelazwa.

"Iko plus plus," aliniambia kwa furaha.

"Na shingo, muganga?"

"Shingo itafuata. Tutibu kwanza ugonjwa."

Nilichomwa sindano asubuhi na jioni kwa juma zima. Shingo haikufuata. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefundisha tifoide, nilijua bakteria wake na njia yake ya kuingia, na nilijua haina desturi ya kutembea kutoka taya moja hadi nyingine. Lakini kujua jambo ubaoni na kulisema mbele ya mtu aliyeshika sindano ni vitu viwili tofauti.

Mambo mengine yakaanza. Moyo ulikuwa ukikimbia hata nikiwa nimekaa. Asubuhi za baridi, walimu wenzangu wakiwa wamevaa majaketi, mimi nilitokwa jasho hadi shati likanata mgongoni. Nilikula kama mtu anayelima shamba la wengine: bugali na samaki wa chumvi wa Vitshumbi, sahani nzima, kisha mabaki ya watoto. Na bado suruali ikawa inateremka, nikatoboa mkanda tundu jipya kwa msumari, halafu jingine. Mikono ilitetemeka. Siku moja nilipochora kipepeo wangu ubaoni, alitoka kama popo aliyegongwa na pikipiki. Wanafunzi wakanakili popo, kwa heshima, na hakuna aliyecheka. Hapo nilijua kwamba darasa lilikuwa tayari linanihurumia.

Watu walianza kuniangalia. Kwetu mtu akinenepa, wanauliza nani alimpa kazi. Akikonda, wanauliza nani alimpa chakula. Kabla ya mwisho wa mwezi, ugonjwa wangu ulikuwa na jina jipya: karuho. Karuho ni sumu ambayo kila mtu wa Goma anaijua vizuri na ambayo sijakutana na aliyeiona. Wanasema mtu anakutilia kidogo katika kinywaji, kisha unakauka polepole, ukitembea kwa miguu yako mwenyewe. Hakuna aliyeniambia wazi. Mkuu wa masomo, ambaye sisi tunamwita prefe, alinivuta pembeni ya kantini.

"Prof, mimi sisemi kitu. Lakini wewe, pale kwa rekre, unakunywaka chai ya nani?"

Alijua ninakunywa chai ya nani. Shule nzima ilijua. Kila siku wakati wa mapumziko, profesa wa hesabu, maana kwetu hata mwalimu wa sekondari ni profesa, alifungua termosi yake ya chai ya tangawizi, akamimina vikombe viwili, kimoja chake na kimoja changu. Tulikuwa tumefanya hivyo tangu mwaka wangu wa kwanza pale shuleni. Ni yeye aliyenisaidia kupata nyumba ya kupanga, ni yeye aliyesimama karibu yangu tulipomzika baba yangu Rutshuru.

"Ni rafiki yangu, prefe."

"Ndiyo maana nakuuliza," alisema, akaenda zake.

Juma hilohilo mama mkwe aliwasili kutoka Butembo na mfuko wa maharagwe na rozari yake. Ni Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi na hapendi kusikia habari za wachawi. Lakini sumu, alinieleza, si uchawi. Sumu ni chakula kibaya, na chakula kibaya kinatolewa kwa kutapishwa. Alijua pa kwenda. Sijui alijuaje, yeye ambaye hakuwa amefika Goma kwa miaka mitatu.

Mganga alikuwa mama mnene mwenye kitambaa safi kichwani. Uani kwake palikuwa na ndoo zimepangwa mstari, na wagonjwa wamekaa kila mmoja mbele ya ndoo yake. Niliwatambua wawili: afisa mmoja wa mpakani na mchungaji anayehubiri kila Jumapili dhidi ya waganga. Mchungaji aliniinamishia kichwa kidogo, kama watu wanavyosalimiana benki. Nilijiambia kwamba nimekuja kuchunguza tu. Ukweli ni kwamba sayansi ilikuwa imekwisha kunitoa jino na kunichoma sindano kumi na nne, na sikuwa na hoja nzuri ya kuitetea mbele ya mama mkwe.

Nilikunywa dawa yake, chungu kuliko kwinini, nikatapika. Mganga akakoroga ndani ya ndoo kwa kijiti.

"Unaiona?"

Nilitazama. "Mama, ile ni maharagi."

"Ndiyo sura inachukuaka."

Akaniambia kwamba aliyenipa ni mtu wa karibu, mtu wa hesabu nyingi. Katika mji huu wa wafanyabiashara, mtu wa hesabu nyingi anaweza kuwa yeyote, akiwemo mke wangu na mganga mwenyewe. Lakini mama mkwe alinifinya mkono, na mimi, ambaye kila Septemba ninawafundisha watoto wa watu kwamba dhana lazima ithibitishwe kwa majaribio, nilimwona profesa wa hesabu na termosi yake.

Kesho yake alinimiminia chai. Nilimwambia tumbo langu si zuri. Keshokutwa yake nilimwambia hivyohivyo. Siku ya tatu alimimina kikombe kimoja tu, akafunga termosi, akafungua daftari la kusahihisha. Hakuniangalia. Nimepata aibu nyingi maishani, lakini ile ya kukaa karibu na kikombe ambacho hakikumiminwa, huku nikijua kwamba mimi ndiye niliyekikataa, bado sijaipa jina.

Juma lililofuata nilikuwa ninaandika ubaoni, moyo ukaanza kupiga hadi nikausikia masikioni, macho yakaingia giza, nikakaa chini kwenye sakafu ya darasa. Prefe aliita pikipiki, nikapelekwa hospitali nikiwa katikati, mbele yangu dereva na nyuma yangu mlinzi wa shule, ili nisianguke.

Daktari aliyenipokea alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani. Alisoma jina langu kwenye fishi, kadi yangu ya mgonjwa, akaniangalia, akasoma tena.

"Prof. Bado munachoreaka watoto kipepeo?"

Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Sikumkumbuka, jambo ambalo kwa profesa ni kama kukiri dhambi. Yeye alinikumbuka vizuri. Nilikuwa nimempa alama kumi na mbili kati ya ishirini, kwa sababu mabawa yake hayakulingana.

Alianza kuniuliza, na maswali yake yalinishangaza kwa sababu hayakuwa na jibu ndani yake. Maumivu yalianza lini? Yalihama? Kabla yake nilikuwa na mafua? Katika majuma yote yale hakuna aliyeniuliza habari za mafua. Kisha alisimama nyuma yangu, akaweka vidole vyake pande mbili za koo langu.

"Mumeze mate, prof."

Nilimeza, nikaguna, nikamshika mkono auondoe.

"Aya. Chini ya vidole vyangu kuko nini?"

Nilikuwa na miaka arobaini na sita na nilikuwa ninaulizwa mtihani.

"Tiroide," nilisema.

"Imevimba, na iko nguvu kama mubao. Ni inflamasio ya tiroide. Kuna ya aina nyingi, hii yenu ni ile ya kuumiza, yenye kufuataka virusi vya mafua. Inaanzaka upande mumoja, inahamia mwingine. Maumivu inapanda kwa taya na kwa sikio, ndiyo maana batu banaitafuta kwa meno." Akaniangalia taya. "Hawakuwatoa jino?"

Nilifungua mdomo nikamwonyesha. Alitazama, akaandika kitu kwenye fishi, na nilimshukuru kwa kutosema neno.

Akanieleza mengine kwa utulivu, kama mtu asiye na foleni mlangoni. Tezi ina akiba ya homoni ndani yake. Ikiumizwa na uvimbe, akiba hiyo inavuja yote kwenye damu kwa mara moja, na mwili unakimbia kama gari ambalo kanyagio lake la mafuta limekwama: moyo, jasho, mikono, suruali kuteremka. Tezi yenyewe haitengenezi homoni kupita kiasi, kwa hiyo dawa za kuizuia kutengeneza hazina kazi hapa. Kinachotakiwa ni kutuliza uvimbe, kutuliza moyo, na kungoja. Niliyajua maneno yote aliyoyatumia. Nilikuwa nimeyatamka kwa imla darasani kwa miaka kumi na minne.

Vipimo vilifuata. Kwanza kasi ya damu kutulia ndani ya kijibomba, ambayo inaonyesha kama mwilini kuna uvimbe. Yangu ilikimbia kiasi kwamba mtu wa labo alirudia kupima. Kisha ekografi ya shingo, ile picha ya mawimbi ya sauti. Mwisho TSH, homoni ambayo ubongo unatuma kuiamsha tezi. Kwa kipimo hicho mashine ilikuwepo lakini dawa yake ya kupimia ilikuwa imekwisha, basi damu yangu ikavuka mpaka kwenda labo ya nchi jirani bila mimi, ikiwa na karatasi zilizokamilika kuliko zangu. Daktari hakungoja irudi. Aliniuliza kama nina pumu, nikasema sina, akanipa propranololo ya moyo, na ibuprofeni ya uvimbe, niinywe baada ya kula.

Moyo ulitulia. Shingo ilipungua kidogo tu. Siku kumi baadaye majibu yalirudi kutoka ng'ambo: TSH ilikuwa karibu na sufuri, kama alivyotazamia. Akabadilisha ibuprofeni akanipa prednisoloni. Siku ya pili ya vidonge hivyo nilimeza tonge la bugali, nikangoja maumivu yaje, hayakuja. Nikameza jingine. Mke wangu aliniona nimeacha kutafuna, akauliza kuna nini. Nikamwonyesha sahani tu.

Daktari alikuwa amenionya: vidonge hivi havikatwi ghafla, tutavipunguza juma kwa juma. Lakini nyumbani nilikuwa na mshauri mwingine.

"Mutu amepona," mama mkwe alisema, "sasa anakula dawa ya nini? Itamuharibia figo."

Niliona kuna busara, maana vidonge vilikuwa vichungu. Nikaacha. Baada ya siku tano shingo iliwaka upya, safari hii pande zote mbili kwa pamoja. Nilirudi hospitali nimevaa skafu ili mtu asinione nimevimba.

"Prof, niliwaambia mushuke ngazi," daktari alisema. "Ninyi muliruka dirisha."

Akaanza upya, na mimi nikashuka ngazi.

Prednisoloni ilinifanya uso mviringo. Mashavu yakajaa, shingo ikapotea, na majirani ambao walikuwa wameacha kunipa mkono wakaanza kunipongeza. Walimu waliulizana nimepata kazi katika shirika gani la kizungu. Prefe, aliyekuwa amekwisha kutafuta mtu wa kufundisha nafasi yangu, alikuja kunisalimia mwenyewe darasani, akaniita "muheshimiwa", na kabla ya kutoka akaniachia barua ya maombi ya kazi ya mpwa wake. Nilimwambia ni dawa. Alitabasamu kama mtu anayejua kutunza siri.

Halafu ikaja zamu ya pili, ambayo daktari alikuwa amenitabiria. Akiba ya tezi ilikuwa imekwisha, na yenyewe ilikuwa bado haijaamka. Nikawa mtu wa baridi na usingizi. Nilivaa koti juani. Ngozi ilikauka, sauti ikawa nzito. Nilisinzia katika mkutano wa walimu kuanzia sala ya kufungua hadi sala ya kufunga, na hakuna aliyeona tofauti. Wamama wa chumba cha maombi cha jirani walipita kunifukuzia pepo wa usingizi. Waliomba kwa sauti kubwa sana, nami nililala.

TSH mara hii ilipanda juu. Daktari akanipa kidonge kidogo cha homoni yenyewe, cha kumeza asubuhi tumbo likiwa tupu, kabla ya chai.

"Ni ya maisha yote?" nilimuuliza.

"Kwa wengi tezi inaamuka yenyewe kisha miezi. Wachache banabaki na kidonge. Ninyi tutaona."

Nilipenda alivyosema tutaona. Tangu mwanzo wa ugonjwa, yeye alikuwa mtu wa kwanza kuniambia kwamba kuna jambo asilolijua.

Miezi mitano baadaye alipunguza kidonge, kisha akakisimamisha, akapima tena mara mbili. Tezi ilikuwa imeamka. Habari za kupona kwangu ziliwafurahisha wote walionitibu. Muuguzi wa kituo cha afya alinikumbusha kwamba, hata hivyo, ile tifoide haikurudi tena. Mama mkwe aliwaeleza watu wa Butembo kwamba mganga alitoa sumu na daktari akafunga vidonda. Dantiste, nilipomweleza, alifikiri kidogo, akasema yeye alijua tangu siku ya kwanza kwamba si meno, ndiyo maana aling'oa moja tu.

Aliyebaki sasa alikuwa profesa wa hesabu. Anakaa upande wa Kanyaruchinya, kwenye barabara ya kupanda. Nilikwenda kwake Jumapili baada ya misa. Alikuwa barazani anasahihisha karatasi. Alinipa kiti, hakunipa kitu kingine. Nilimsimulia yote, hata ndoo, hata maneno ya mganga juu ya mtu wa hesabu.

"Nilijua," alisema. "Prefe aliniambiaka nisikupe tena chai, ili ukikufa jina yangu isitajwe."

"Mimi niliamini," nilimwambia. "Nataka ulisikie kwangu."

"Siku ngapi?"

Nilitaka kusema chache. "Wiki sita. Hata daktari alipokwisha kunieleza, niliendelea."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayekagua jumla. Kisha akavua miwani.

"Na mimi nilienda kwa yule mama," alisema. "Termosi ilikuwa moja. Nikajiambia, kama yeye anakauka, mimi je?"

"Akaona nini?"

"Maharagi."

Hakucheka, nami sikuthubutu kuanza. Nilimwomba msamaha. Aliniambia amenisikia, lakini hawezi kunijibu siku hiyohiyo, nimwachie hadi mitihani ipite. Nilimwachia. Muhula wote tulisalimiana ukumbini kama watu wa shule mbili. Siku ya kwanza ya muhula mpya alikuja akakaa kwenye kiti cha karibu yangu, akafungua daftari lake, akaniuliza kama mkaguzi amekwisha kupita darasani kwangu. Nikamwambia bado. Tangu siku hiyo tunakaa pamoja. Tunazungumza habari za wakaguzi, za barabara, za watoto wake wawili walioko Butembo. Habari za nyumbani kwangu bado haniulizi, na mimi sijaanza kumwambia.